Jino na Pengo

Kibos, saa moja asubuhi. Wamechoma miwa usiku
na majivu meusi yanatua juu ya karatasi za shabaha
kama risasi za mtu asiyejua kulenga.
Nayapuliza. Ninahesabu matundu halisi.

Akeyo, askari jela mgeni, ana matundu matano,
yote chini, yote kushoto,
yamebanana kama kuku walionyeshewa.
"Sajini," anasema, "bastola hii inasema uongo."

Miaka kumi na tisa katika ghala la silaha
nimesikia chuma kikisingiziwa,
na mara nyingine chuma kweli kilikuwa na hatia.
Basi nikaibana kwenye jiliwa,
nikachora mstari kwa wembe kando ya saiti ya nyuma,
maana anayehama bila kuweka alama
hajui arudi wapi.

Sheria ni fupi.
Saiti ya nyuma huenda unakotaka risasi iende.
Ya mbele ni kaidi:
ipunguze kimo, risasi hupanda;
iongeze, hushuka.
Nikagonga ya nyuma kwa kijiti cha shaba, kuelekea kulia.
Tk. Kidogo tu. Tk.
Unywele mmoja hapa, kiganja kizima kule.
Kisha tupa. Nikalilamba jino la mbele mara tatu,
vumbi lake likang'aa kwenye kucha zangu.

Akapiga tena. Katikati!
Akanigeukia na tabasamu, nami nikajikohoza
kama fundi anayesubiri kusifiwa.

Hapo Koplo Mudanya akaomba ajaribu.
Akaegemeza mikono juu ya gunia la mchanga,
akavuta pumzi, akaiacha nusu,
na zake zote zikaenda juu, kulia,
zikaiacha shabaha ikipumua.

Nikajua.
Nilikuwa nimeinyoosha bastola ifuate woga.

Sikusema neno. Nikaficha risasi bubu
katikati ya magazini, nikampa Akeyo.
Ya kwanza ikalia. Ya pili.
Ya tatu: tik.
Na katika kimya kile, mbele ya sisi sote,
mtutu ukainama wenyewe
kama mtu anayemwamkia mkwe.

Hakuna aliyecheka.
Aliutazama mkono wake kana kwamba
ameazimwa, na mwenyewe amekuja kuudai.

Sikumwuliza ni mlio gani wa zamani uliokaa kidoleni.
Nilimwambia habari za bibi yangu wa Ahero
aliyeng'olewa meno sita ya chini, kama rika lake lote;
akicheka, ncha ya ulimi husimama
katikati ya pengo, sawasawa.
"Jino lako lisimame vivyo hivyo.
Mwanga wa kushoto usiuonee wivu wa kulia,
na vichwa vyote vitatu viwe kimo kimoja.
Jicho likae kwenye jino. Shabaha iache iwe ukungu,
haiendi popote.
Kidole kivute kama unavyochomoa uzi
kwenye nguo ya mtu aliyelala.
Mlio ukushtue.
Ukiungoja, umekwisha kuinama."

Alirudia kwa bastola tupu hadi saa sita,
sarafu ya shilingi tano juu ya mtutu.
Ikaanguka. Ikaanguka. Akaiokota.
Mwishoni ilikaa muda wa kutosha
inzi kutua juu yake na kuondoka.

Mimi, kwenye jiliwa, nilikuwa nikirudi.
Tk, tk, mpaka saiti ya nyuma
ikaukuta mstari wa wembe.
Lakini jino lililolambwa na tupa halioti.
Itabidi waagize jingine Nairobi,
na Nairobi hutaka fomu, nakala tatu.

Penye *sababu ya uharibifu*
kalamu ilining'inia kitambo.
Majivu yakatua juu ya karatasi, moja, mawili,
chini, kushoto.
Nikayapuliza, nikaandika:
*Fundi hakuanza kwa kutazama mkono.*