Namba Yenye Mapengo

Nguzo tumeisimamisha juu ya mteremko wa Inyala,
mita sita za chuma, zege bado bichi miguuni,
nami niko juu ya ngazi, spana mfukoni,
vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Juni.
Chini yangu Ambokile ameikumbatia laptopu
kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa.
"Inamisha kidogo," anasema. "Kidogo. Umepitiliza."

Jicho hili halitaki sura ya mtu.
Halitaki rangi ya lori wala uzito wa shehena.
Tumelifunga lisome pleti tu, ya njano au nyeupe,
na lisome upesi,
kabla breki hazijaanza kunuka.

Siku ya kwanza lilisoma kila kitu.
Lilisoma VIAZI GUNIA kwenye ubao wa mama Subilaga
likaandika: gari, namba haitambuliki.
Lilisoma MUNGU HACHOKI kwenye paji la fuso.
Sifuri likaiita O, nane likaiita B,
na tope la Igurusi lilipoziba tarakimu mbili
likabuni za kwake, bila haya,
kama mtoto aliyeinuliwa darasani hajui jibu.

Nikapunguza mwanga. Nikaongeza kasi ya kufumba.
Usiku nikaiwasha ile taa yake isiyoonekana kwa macho yetu,
na kwenye kioo pleti zikawaka peke yake:
malori hayapo, madereva hawapo,
namba tupu zinateremka mlima
moja nyuma ya nyingine.

Ukungu ndio ulionishinda.
Ukungu wa huku hauna kitufe.

Alfajiri mama Subilaga akatuletea chai ya tangawizi,
akauliza jicho linaona hadi wapi.
"Mita ishirini na tano, mama."
"Na nyuma?"
Nikamwonyesha kamera ya pili, inayotazama Uyole.
Akatikisa kichwa. "Sisemi nyuma huko.
Nasema nyuma."

Akanipeleka kwenye mlango wa jiko lake.
Juu ya mbao, kwa mkaa:
T 6, kisha pengo, pengo,
A, kisha pengo, pengo.
Miaka kumi na tisa. Kila mkaa ulipofifia aliukoleza,
herufi zimenenepa kama mishipa ya mkono.
Lusajo alikuwa ametoka kuokota ndoo tu.
Lori halikusimama, na ukungu
ulikula namba zilizobaki.

Nilitaka kumwambia kumbukumbu zetu zinaanza juzi, saa nane mchana.
Nilitaka kumwambia kuna kibali, kuna kiapo, kuna nywila.
Ambokile akaangalia pembeni, akaanza kukunja nyaya
ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Nikaandika namba ya mlangoni,
kwenye mapengo nikaweka alama za kuuliza.
Kumbe mashine inakubali mapengo.
Ikafikiri kidogo, ikaleta magari kumi na saba:
la mbao za Mafinga, la maziwa, la mbolea,
basi dogo la kwaya, kipikapu kilichofungwa turubai la bluu,
na mengine ambayo sasa siyakumbuki.

Aliyasoma yote, kidole kwenye kioo,
midomo ikitembea polepole,
na chai yangu ikapoa mkononi.
Kisha akauliza:
"Linaweza kuonyesha lipi liliongeza mwendo
baada ya kugonga?"

Nikaingia kwenye mipangilio, nikatoka.
Nikaingia tena, kwa heshima tu.
"Hapana, mama. Hicho hakimo."

Akaitikia "haya," kama anayeambiwa bei ya sukari.
Akakusanya vikombe vyake.
Alipofika barabarani alisimama,
akaushika ule ubao wa viazi kwa mikono miwili
akaugeuza uangalie shambani.

"Lisipoteze muda," alisema,
"kwa viazi vyangu."