Benchi la Tatu, Kadutu

Muuguzi Murhula alinifunga kile kitambaa mkononi,
akapuliza, akasikiliza, akanyamaza.
Mimi ni fundi wa saa. Nakijua kimya cha mtu
aliyesikia mashine ikikimbia kupita majira yake.
"Kumi na nane juu ya kumi na moja, mzee Birindwa.
Punguza chumvi. Tembea. Na usikae peke yako."

Chumvi niliipunguza, hata sambaza nikazila chapwa.
Kutembea Bukavu si jambo la kutafuta:
unashuka kwa magoti, unapanda kwa mapafu.
Lakini hilo la tatu
linauzwa duka gani la dawa?

Tangu tulipomzika Nsimire
nilikuwa nazungumza na saa za watu.
Ya mwalimu ilinijibu. Ya muuza makala haikujibu.

Jumapili moja nikapanda, na sitasema uongo,
nilifuata ngazi tu:
mia na arobaini na sita hadi mlango wa kanisa.
Nikakaa benchi la tatu kwa kuwa lilikuwa karibu,
na kifua kilikuwa kinagonga kama karakana.
Mama wa kitenge cha njano akasogea.
Hakuniuliza imani yangu. Aliuliza,
"Umekunywa chai?"

Wakaimba ule wimbo mrefu wa Mashi
unaotaka uvute pumzi hadi kiunoni
kisha uiachie polepole, kama ndoo kisimani.
Nikaishusha. Nikaishusha tena.
Miezi minne nilikuwa nimesahau
kwamba kifua kina chini.

Mchungaji alihubiri sana. Katikati nililala.
Usingizi nilioukimbiza nyumbani hadi saa tisa usiku
ulikuja pale wenyewe, kama paka wa jirani.

Halafu mwezi wa tatu, mvua, Jumapili,
nikaanguka kati ya kitanda na meza.
Mguu wa kushoto ulikataa. Ulimi ukawa gogo.
Majirani walijua nimeenda kanisani.
Kanisani walijua sijafika.
Mama Nankafu, yule wa kitenge cha njano,
alikuwa ameweka mkono mahali pangu
na pamebaki baridi.
Hakungoja baraka ya mwisho.
Nilisikia viatu vyake kwenye tope, vya wanakwaya nyuma yake,
kisha mlango,
kisha mgongo wa kijana wa besi ukinibeba hadi kwa Murhula.

Sasa ni kumi na nne juu ya tisa.
Murhula anauliza, "Unatumia nini, mzee?"
Vidonge vyako, namwambia, asubuhi na jioni;
Nankafu huvihesabu, usidhani nimeviacha.
Na ngazi. Na wimbo.
Anaandika vidonge.

Sijui kama Mungu hupima presha.
Mzee Cibalama alisali kutuzidi sote,
akafa kwa ugonjwa huuhuu wangu, mwezi wa tano,
na tulipomwimbia nilitafuta jibu juu ya dari,
nikaona popo tu.

Saa ya ukutani pale kanisani
inachelewa dakika sita.
Wameniomba niitengeneze. Ni kazi ya robo saa,
skrubu moja, tone la mafuta.
Mwaka wa pili huu nawaambia:
Jumapili ijayo.