Mfuko Wenye Tundu

Baba alipachika vioo miaka arobaini na mitatu.
Nusu ya nyumba za Tromsø zitazamazo bandari
zinaona kwa mikono yake.
Leo mimi, bintiye, nimepanda juu ya kiti
nagongomea blanketi kwenye dirisha alilolitia mwenyewe,
naye ananikosoa kutoka kitandani:
"Kona ya kushoto, Ingunn. Inavuja."

Inavuja, anasema, kana kwamba nuru ni maji.

Uvimbe uko kwenye umio.
Mkate ndio ulioanza kubisha hodi na kurudishwa,
kisha viazi, kisha hata kahawa yake chungu.
Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa;
hiki hakikuishia nguoni.

Daktari Haukland aliichagua Desemba makusudi.
"Dawa hii itamfanya kama karatasi ya kusafishia picha.
Mwezi mzima na zaidi, jua likimgusa ataungua.
Bahati yenu, huku jua limeshaaga."
Baba akacheka, mara ya kwanza tangu majani yapukutike.
Maisha yake yote ameulaani usiku huu wa majuma manane;
sasa umekuja kumuuguza.

Jumatatu walimdunga, dawa nyekundu iliyokolea.
Haikufanya kitu.
Hilo ndilo lililonishinda kuelewa: haikufanya kitu.
Ilizunguka na damu, ikapiga hodi kila seli,
nyingi zikaipokea, zikaisindikiza mlangoni;
zile zenye uroho zikaing'ang'ania,
zikaisukuma uvunguni kama mali ya wizi.
Siku mbili tulikaa hivyo.
Baruti ndani ya mtu, na hakuna kiberiti.

Jumatano wakampitishia kooni uzi wa kioo.
Wa kioo! Aliuliza unene wake,
nani aliukata, kama una mapovu.
Leza haikuwa na joto la kuchoma.
Nuru nyekundu ambayo ungeikinga kiganjani
ukasema, ndiyo hii tu?

Dakika kumi na mbili na nusu.

Muuguzi Aslaug alinieleza baadaye, akichora nyuma ya bahasha:
nuru huigusa dawa, dawa ikashtuka,
mshtuko ukaizidi nguvu, ikaurushia oksijeni iliyo jirani,
hii hii oksijeni tuivutayo tukiwa usingizini,
nayo ikapandwa na wazimu.
Maisha yake hayafiki kupepesa jicho.
Haina muda wa kuvuka hata seli moja,
basi huvunja pale pale ilipozaliwa:
kuta, vinu vya nguvu, mishipa iliyounyonyesha uvimbe.
"Na nyama nzima ya pembeni?" nikauliza.
Akaizungusha kalamu.
"Huguswa kidogo," akasema. Nilimpenda kwa kutonidanganya.

Usiku wa tatu baba alilia, ameshika kifua.
Sitalificha hilo.

Kisha zikaja siku za balbu moja.
Giza totoro tulikatazwa; taa hafifu, alisema Aslaug,
huila dawa iliyosalia ngozini, kidogo kidogo, kama panya.
Tulicheza karata kwa kukisia rangi.
Saa sita mchana, nje kukiwa na buluu ya wino,
alitoka na kofia na glavu, akahesabu madirisha yake mtaani
kama mtu anayehesabu wajukuu.

Mwisho wa Januari watoto wakapigiwa kengele ya jua.
Nilileta andazi lenye jamu. Alikula nusu.
Nililitazama koo lake likishuka, likapanda.
Nusu nzima.

Akauvika mkono mfuko wa karatasi,
nao tumeutoboa tundu, upana wa sarafu.
Dakika kumi za jua, halafu kesho tuangalie:
kama kuna duara jekundu, bado; kama hakuna, blanketi zishuke.

"Inua kona ya kushoto," akasema.

Jua likachungulia juu ya mlima, likaketi tunduni.
Dakika nne. Likazama.

Hakuutoa mkono.
"Kesho litaongeza," akasema,
na kwa mkono wa pili akapapasa ukingo wa kioo,
akitafuta upepo unapopenya.