Chemba ya Tatu

Nyumba ina siku kumi na moja.
Bado inanuka rangi,
milango haijajifunza kujifunga bila kelele,
na leo alfajiri sinki la jikoni limecheua.

Sikusema limeziba. Nimesema limecheua:
punje za wali wa jana, povu,
jani moja la mchicha likizungukazunguka
kama mgeni asiyejua akae wapi.
Choo cha wageni kikaitikia, glu, glu,
na bafuni maji yakapanda kimya kimya
mpaka kwenye vifundo vya miguu yangu.

Miaka sita nimejenga hapa Goba,
nikala mihogo ili ukuta ule saruji.
Daftari ninalo: nondo, kokoto, malori ya mchanga,
hata soda za mafundi nimeziandika.
Ukurasa wa maji yanakokwenda, sina.
Nani huota mabomba?
Watu huota vigae, jipsamu,
geti la chuma lenye maua.

Fundi Shomvi kaja na bodaboda,
fito yake ndefu imekunjwa begani.
Hakuisifu nyumba. Alipita moja kwa moja nyuma,
akapiga magoti,
akafunua chemba ya kwanza
kama anayechungulia sufuria ya jirani.
Imejaa.
Ya pili, imejaa.
Ya tatu, karibu na ukuta, kavu,
safi kama bakuli la dukani,
na mjusi ndani yake, mpangaji wangu wa kwanza.

"Basi mgonjwa kalala hapa katikati,"
akachora mstari kwa kisigino.
"Mteremko nani alipima?"
Nikatazama pembeni.
Tulipima kwa jicho, na kwa haraka,
maana masika ilikuwa inapiga hodi.

Vitofali vya uani, vya juzi tu,
viking'olewa kimoja kimoja kama meno.
Mama Tabu kapanda ndoo upande wake wa ukuta:
"Poleni jamani. Letu lilianza mwezi wa tatu."
Faraja ya namna hiyo,
unaipokea kwa mkono wa kushoto.

Msumeno ukalikata bomba.
Harufu ikatoka, sitaieleza.
Kisha Shomvi akaingiza mkono hadi kwapani
akavuta
akavuta
akatoa jiwe.

Si jiwe. Mfuko wa saruji,
umesokotwa, umeshindiliwa zege,
umekomaa kwa umbo la bomba,
duara kama mkate wa mofa.
Upande mmoja umesawazishwa kwa mwiko.
Umesawazishwa vizuri.

Shomvi akaugeuzageuza mkononi.
"Mama, hiki hakikuanguka. Kimewekwa.
Mliachana vizuri na mafundi?"

Chande wa plasta.
Aliondoka na ndoo yake na baiskeli isiyo na breki,
nikamwambia njoo mwisho wa mwezi.
Miisho mitatu ya mwezi alikuja.
Elfu themanini na tano.
Kwenye daftari nimeandika *amelipwa*,
kwa sababu nilitaka ukurasa ufike chini.

Jioni, maji yaliposhuka
kwa sauti ya mtu anayemeza dawa chungu,
nilituma hela kwanza, nikapiga simu baadaye.
Nilikuwa nimejiandalia maneno,
makali mbele, matamu nyuma.
Yote yakanikwama.

"Ni kati ya ya pili na ya tatu," akasema,
kabla sijafungua mdomo.
"Najua," nikasema. "Tumetoa."

Kimya. Nikasikia mtoto akilia kwake,
na kikaango kikichachama.

"Na plasta ya sebuleni," akauliza,
sauti imeshuka,
"imeshika? Haijapasuka?"

Nikaupitisha mkono ukutani, gizani,
kutoka swichi mpaka dirishani.

"Hata ufa wa unywele, Chande.
Hata ufa wa unywele."