Ndiyo, Hapana

Nilikuja Arua na flashi mbili mfukoni,
moja ya picha, moja ya maandishi matupu,
na moyoni nilishaamua:
ofisi hii ni ya wageni wa Linux, wapewe picha.
Mgeni siku mbili, nikajiambia, jembe tutampa Ijumaa.

Kompyuta ya chama cha wafuga nyuki ilikuwa kuukuu,
kifuniko kimeshikwa kwa plasta ya vidonda,
kumbukumbu yake haba kuliko ya mlevi.
Nikachomeka flashi ya picha.
Likaja ziwa, mlima, mwezi,
kisha duara dogo likaanza kuzunguka.
Chai ikapoa. Likazunguka.
Kishale kikaruka kama panzi aliyemwagiwa maji,
na Bi Candiru, karani, akakibana kipanya kwa mikono miwili
kama anayemzuia kuku asitoroke.
"Huyu anatafuta nini?"
Sikuwa na jibu.
Ziwa likaganda, na mwezi nao.

Nikatoa ile ya pili, kwa aibu,
kama mtu anayempakulia mgeni kiporo.
Skrini buluu, kisanduku cha kijivu, swali.
Moja tu.
Chini yake: Ndiyo. Hapana.

Bi Candiru akavuta kiti.
Miaka ishirini na sita alipiga taipureta ofisi ya kaunti,
barua za mipaka ya mashamba, hati za vifo,
na vidole havikuwahi kusahau njia.
Kipanya akakilaza chali, kama mende.
Mshale. Mshale. Enta.
Lugha gani? "Kilugbara hakimo," akasema,
akapita na Kiingereza, kwa kinyongo kidogo.
Saa za wapi? Kampala.
Akaguna: "Hata saa yetu hukaa Kampala."
Jina la mashine? Akaandika: mzinga.

Nami niliyekuja kufundisha
nilisimama nyuma yake, nimeshika waya.

Kisha likaja lile:
Diski yote itafutwa. Uendelee?
Alama imekaa juu ya Hapana
kama askari aliyeambiwa asisinzie.
Vidole vikasimama.
"Ndani kuna nini?"
Hakuna, nikasema, mfumo wa zamani tu.
"Uliangalia?"

Sikuangalia.

Tukarudi nyuma. Humo tukakuta
asali ya misimu minne, kilo kwa kilo,
na majina ya wawili waliokwisha kuzikwa
ambao bado wanakidai chama.
Tukaichukua ile flashi ya picha,
tukafuta ziwa na mwezi, tukaweka asali.

Sisemi picha ni mbaya.
Yupo atakayeongozwa nayo vizuri, kwenye mashine changa,
na nitampa.
Ila sikujua kwamba kuulizwa taratibu
nako ni kushikwa mkono.

Umeme ukakatika kwenye asilimia sabini na nane.

Asubuhi, nikiwa Koboko, simu ikalia:
"Nimeanza upya, peke yangu. Nimefika pale pa kufuta."
Nikavuta pumzi nimpe maelezo.
Nikasikia kitufe.