Hodi ya Milivolti Tatu

Saa tisa usiku, Grenoble. Umeme una bei ya watu waliolala,
ndipo sumaku inapopewa kula.
Bastide, mwenye zamu, anafungua maji:
mto Drac unaingia mabombani ukiwa karibu barafu
na kutoka upande wa pili
na uvuguvugu wa chai iliyosahaulika.

Ghislaine Perrachon amengoja miezi kumi na minne.
Kipande chake ni kidogo kuliko ukucha wa mtoto,
kimening'inia ndani ya heliamu,
na ndani ya kipande, sakafu isiyo na unene,
elektroni zimetandazwa
zisijue juu wala chini.

Hawezi kuziona.
Anachoweza ni kubisha:
milivolti tatu, halafu kuhesabu ni ngapi zimeingia.
Hodi ya kistaarabu ni tatu, kisha mtu huondoka.
Yake ni elfu kwa sekunde, wala haondoki.

Tesla kumi. Kumi na moja na nusu.
Elektroni zinajipanga ghorofa kwa ghorofa,
na ghorofa ikijaa, ikajaa kabisa,
hodi inarudi kama ilivyokwenda.
Mstari kwenye skrini unazama.
Kimya cha nyumba iliyojaa si kimya cha nyumba tupu;
imemchukua miaka kuvitofautisha.

(Kuna ajabu aipendayo zaidi,
aliyomweleza mama yake mara mbili, mama akaitikia tu:
zikiwa chache, kila moja ikakwepa mwenziwe,
mlango hukaribisha
zaidi ya upana wake.)

Kwenye theluthi moja mstari unazama tena,
kama mgeni aliyetuma taarifa.
Halafu, mahali pasipo na jina kwenye orodha yake,
kibonde.
Kidogo. Alama ya kidole kwenye unga.

"Dakika tisa," Bastide anasema kwenye simu ya ukutani.
"Viwanda vinaamka."

Anaugeuza uga, anashuka nao.
Kibonde kipo.
Au ni kelele iliyopiga magoti pale pale.
Daraja la vipimo linayumba, analituliza kwa ncha ya kidole
kama apimaye dhahabu ya mwenzake,
na dakika zimekwisha.

Sumaku inakata. Mvumo unabaki masikioni.
Daftarini, kwa penseli: *labda*.
Anaikoleza herufi ya kwanza tu.

Nje, bomba linapomwaga, mto unafuka mvuke.
Bata wawili
wameshajua pa kukaa.