Mia na Nne

Semhando aliniuliza swali moja tu,
akifuta mikono kwa kipande cha khanga
kilichobakiwa na neno "jirani":
una uzito gani, na viatu, na helmeti?
Nikasema themanini na tisa.
Akanitazama tumboni, akatazama barabarani,
akaandika themanini na tisa.

Pale Barabara ya Kumi na Tatu, juu ya boksi la sabuni,
shokapu seti tatu: mbili za mbele, moja ya nyuma.
Za kwanza za Kichina, zimepakwa dhahabu,
bei yake inacheka,
ukizibonyeza kwa kiganja zinarudi mbio
kama mtu anayekatiza maneno ya mwenzake.
Za pili zilivuliwa kwenye mashine iliyogonga mnazi Kigombe,
Japani halisi, ila zinatoka jasho la mafuta shingoni,
na Semhando hakuzisifu wala hakuzificha.
Za tatu nyekundu, kila moja na kopo lake la gesi mgongoni.
Hizo springi zake hufuata kilo za mpandaji,
huagizwa Nairobi, husubiriwa wiki mbili,
na ukishataja kilo zako hakuna kurudisha.

Nilichagua nyekundu.
Mwanasha nilimwambia laki mbili.

Jumapili, Pongwe, katikati ya mkonge,
mizunguko sita.
Pikipiki yangu ya miguu minne naiita Kaa,
na Kaa siku ile aliondoka kama aliyemwagiwa maji ya moto.
Kuna mahali reli ndogo ya zamani inakata njia:
tuta, bonde, tuta.
Aliruka vizuri.
Kutua ndiko kulikonitaja.
Springi zikabonyea, zikabonyea, zikaisha,
chuma kikagonga chuma
na meno yangu yakahesabiana kinywani.
Mzunguko wa pili vilevile.
Wa tatu, Rukaya Shekilindi,
kilo hamsini na nne, huzitaja mwenyewe hadharani,
akanipita amesimama juu ya vikanyagio,
mashine ikinesa chini yake
kama kitanda cha kamba kinachomjua mwenyewe.

Njia ya mwongo ni fupi.
Yangu ilikuwa mizunguko mitatu.

Jumatatu Semhando hakunigombeza.
Alipiga magoti, akagusa mpira wa mwisho,
ule uliopondeka kama kitumbua kilichokaliwa.
"Shokapu haina macho," akasema,
"inasoma nilichoandika mimi.
Na mficha uchi hazai."
Akanipeleka ghalani kwa Mbwego, wanakopimia robota za mkonge,
nimevaa kila kitu, hadi kinga ya kifua,
mchana kweupe.
Wapakiaji wakaacha kazi.
Mmoja akauliza mimi ni daraja la kwanza
au nimetoka kwenye makapi.
Mkono wa mizani ukanitafuta, ukanitafuta,
ukatulia.
Mia na nne.
Mbwego akaisoma kwa sauti kubwa, kama ilivyo kazi yake.

Springi ngumu zimefika kwa basi la jana.
Semhando ananiambia nikae tu, nisifanye lolote.
Kaa anashuka chini yangu, theluthi ya safari yake,
anasimama.
Fundi anapima kwa utepe aliouazima kwa mshona nguo wa jirani.
"Hapo. Kwanza ikubebe wewe,
ndipo ipigane na njia."
Kisha anashika bisibisi, anageuza skurubu ya kurudi,
tik, tik,
ili kila inachokimeza isikitapike mara moja.
Mbili zaidi. Ananinesanesa, anasikiliza.
Moja anairudisha.

Kwenye daftari lake 89 imekatwa mstari mmoja,
mwembamba, bado inasomeka.
Pembeni: 104. Chini yake: kakubali mwenyewe.

Basi, namba moja ya kweli ninayo.
Ya bei, Mwanasha bado anayo ile ya kwanza.